Picha za kipande cha bustani ya mboga: zipigwe vipi ili ziseme kitu

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi katikati ya Uingereza. Mwezi Machi nilipewa nusu kipande cha alotimenti, yale mashamba madogo ya kukodi ya halmashauri, kama mita za mraba 125. Nimepanda sukuma wiki, maharage, viazi, nyanya, mchicha, na maboga kwa ajili ya majani. Kila wiki natuma picha kwenye kundi letu la WhatsApp la wapenda bustani. Wengine wako huku, wengine Tanga na Mombasa. Nikituma picha nzuri napata "mashallah" na vidole gumba. Nikiuliza tatizo, kila mtu ana ugonjwa wake: majani ya juu ya nyanya zangu yamejikunja na kuwa membamba, nimeambiwa ni kirusi, ni maji mengi, ni baridi, ni kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya. Sasa katibu wa bustani ameniandikia kwamba sehemu kubwa ya kipande haijalimwa na watakagua tena baada ya siku 28. Nina mamia ya picha kwenye simu lakini siwezi kuonyesha nilipotoka. Nipige na kutuma picha vipi?

Jibu: Marahaba. Nianze na barua, kwa kuwa ndiyo yenye tarehe.

Katibu hakagui uzuri wa nyanya, anakagua ardhi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1922 inakieleza kipande cha namna hii kuwa ni ardhi inayolimwa yote au kwa sehemu kubwa na mpangaji mwenyewe, kwa mboga au matunda ya kula yeye na familia yake. Ile ya 1908 inairuhusu halmashauri kumpa notisi ya mwezi mmoja mpangaji anayevunja masharti. Kiasi gani kinahesabiwa kuwa "kimelimwa" utakikuta kwenye mkataba wako, na usome kabla ya kushika jembe: kuna mikataba inayotaja asilimia, kuna inayokubali eneo lililofunikwa turubai kuwa linatunzwa, na kuna isiyolihesabu kabisa.

Leo hii, kabla hujang'oa hata jani moja, simama kwenye kila kona ya kipande na upige picha moja ukielekea kona iliyo mkabala. Zinakuwa picha nne, simu ikiwa imelazwa, kimo cha kifua. Kisha fanya kazi, na kila wiki rudia zilezile nne. Siku mbili kabla ya ukaguzi mtumie katibu nane: nne za kwanza na nne za mwisho, pamoja na maneno machache yenye vipimo. Kwa mfano: "Tarehe 8 Juni mita za mraba 45 zilikuwa na mazao. Leo ni 80. Mita 30 za upande wa uzio zimefyekwa na kufunikwa turubai, zitalimwa Septemba. Zilizobaki ni njia na kibanda." Pima kwa futi kamba, usikisie. Picha ya ua la boga kwa karibu haimsaidii katibu hata kidogo. Na kama kuna ugonjwa, uzazi au safari iliyokuchelewesha, mwambie sasa. Taarifa inayotangulia ukaguzi husikilizwa kuliko ile inayokuja baada ya notisi.

Hizo picha nne za kona ndizo pia dawa ya lalamiko lako la pili, la kutoweza kuonyesha ulipotoka. Mamia ya picha ulizonazo hazilinganishiki kwa sababu kila moja imepigwa mahali pake, kwa kimo chake, kwa saa yake. Jicho haliwezi kupima kukua kwa kitu kama kila mara limesimama pengine. Picha ya maendeleo ni picha ileile inayorudiwa, basi, na inahitaji kituo.

Ukishamaliza mambo ya katibu, huna haja ya kuendelea na kona nne. Kwa mita 125 vituo viwili vinatosha: kimoja kinachoonyesha kipande chote, kimoja kinachotazama tuta lile unalotaka kulifuatilia zaidi. Cha kwanza kiweke upande wa kusini, ukielekea kaskazini. Aliyezoea jua la Tanga linalopita utosini husahau kwamba Uingereza jua la katikati ya mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Ukipiga ukielekea kusini, hasa kuanzia Oktoba, linakuingia kwenye lenzi na mimea yote inageuka vivuli. Pigilia nguzo imara ya mbao yenye kimo cha mita 1.2, gonga misumari miwili juu yake iwe egemeo la simu, na utie alama ya rangi mahali ukingo wa simu unapokaa. Ndani ya fremu ziingie alama mbili zisizohama, mathalani pembe ya kibanda na nguzo ya uzio. Wiki inayofuata hakikisha zimeangukia palepale. Chapisha picha ya kwanza ndogo, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiache kibandani uwe unailinganisha na kioo cha simu.

Tumia lenzi ya kawaida, ile yenye alama ya 1. Ile pana ya 0.5 hufanya tuta la mita 3 lionekane kama uwanja wa mpira, na mimea ya pembezoni huinama isivyo kweli. Chagua siku moja na saa moja, tuseme Jumapili saa nne asubuhi, na kumbuka saa za huku husogezwa Machi na Oktoba. Ukikosa wiki moja, acha pengo. Usipige mbili wiki inayofuata ukazigawia tarehe.

Kitu kimoja zaidi kinachogharimu karibu na bure: fimbo ya mwanzi ya mita 1.2, iliyozungushiwa utepe mwekundu na mweupe kila sentimita 10, ikasimamishwa nyuma ya tuta muda wote. Bila fimbo, sukuma wiki ya sentimita 30 na ya 60 hufanana kwenye picha. Ukiwa nayo, miezi sita baadaye unaweza kusoma urefu wa kila wiki kutoka kwenye picha zenyewe, hata kama hukuandika chochote.

Nikuonye kuhusu wenzako wa Tanga. Mchicha kwao hung'olewa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Wako, nje, kwenye udongo wa huku wa Mei, unaweza kuchukua mara mbili ya hapo, na ukipandwa kabla ya hatari ya jalidi kupita (kusini na katikati mwa Uingereza kwa kawaida katikati hadi mwisho wa Mei, kaskazini na Scotland huingia Juni) hudumaa au kufa. Ukiweka picha yako karibu na ya mtu wa Muheza utajiona umeshindwa wakati mmea uko sawa kabisa. Unapotuma, taja joto la usiku. Hilo moja litapunguza nusu ya ushauri usiohusika.

Sasa kwenye nyanya, na kwa nini kundi zima lilikosa.

Picha ya jani moja lililochumwa na kushikwa mkononi ndiyo inayotumwa zaidi kwenye makundi, na karibu haina thamani. Haionyeshi jani limetoka wapi kwenye mmea, na mahali jani lilipo ndiyo nusu ya jibu. Chukua umanjano. Majani ya chini yakipauka yote mazima, kwanza shuku upungufu wa naitrojeni. Yakiwa manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, shuku magnesiamu, jambo la kawaida kwa nyanya zilizonyweshwa mbolea nyingi ya potasiamu. Umanjano huohuo wa katikati ya mishipa ukiwa kwenye majani machanga ya juu, shuku ni madini ya chuma, mara nyingi kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Majani matatu yanayofanana mkononi, sababu tatu tofauti, na matibabu tofauti.

Kwa hiyo kila tatizo lipigiwe picha kwa kushuka ngazi. Ya kwanza tuta zima, ili ionekane ni miche mingapi imeathirika na imekaa upande gani: mstari mmoja, kona moja, au kila mahali. Ya pili mmea mmoja mzima kutoka udongoni hadi nchani, kwa ubavu, simu ikiwa kimo cha katikati ya mmea. Ya tatu sehemu yenye dalili, karibu, pamoja na kipimo. Sarafu ya peni 10 inafaa sana kwa kuwa kila mtu huku anaijua na kipenyo chake ni milimita 24.5, kwa wa Tanga na Mombasa weka rula. Ya nne upande wa chini wa jani hilohilo. Watu wengi hawaigeuzi, na huko ndiko walikojificha vidukari, utitiri, inzi weupe, mayai ya kipepeo, na ule ukungu mweupe wa bakajani, ugonjwa wa viazi na nyanya. Ya tano ni mzizi, na hii piga tu kama mmea unanyauka ilhali udongo una unyevu: ng'oa mmoja, suuza mizizi kwenye ndoo, uilaze juu ya karatasi nyeupe. Kabichi au sukuma wiki inayonyauka mchana na kuzinduka usiku huenda ina uvimbe wa mizizi, na hakuna picha ya jani itakayokuambia. Ugonjwa huo hukaa udongoni hadi miaka 20, hivyo ni vema kuujua mapema, na tope la buti zako usilipeleke kwenye kipande cha jirani.

Picha za karibu huharibika kwa sababu chache zinazojirudia. Lenzi ina alama za vidole vyenye udongo: ifute kwa kitambaa laini kila mara. Simu imesogezwa mno: nyingi haziwezi kulenga kitu kilicho chini ya sentimita 10 hivi, basi rudi nyuma hadi sentimita 20 na ukuze mara 2. Upepo: shika kikonyo kwa vidole viwili, upige tatu mfululizo. Simu imelenga nyasi za nyuma badala ya jani: weka kiganja au daftari nyuma ya jani, kisha bonyeza juu ya jani kwenye kioo na usiachie mpaka lengo lifungwe.

Rangi ina ujanja wake. Jua kali la mchana huunguza rangi za juu na kuweusha za chini, na fleshi huacha doa jeupe ambalo kesho mtu atakuambia ni ubwiri unga. Mawingu yale ya Uingereza yanayolalamikiwa na kila mtu ndiyo mwanga bora wa kupigia majani. Siku ya jua simama upande jua linakotoka, kivuli chako kifunike mmea wote. Kivuli cha nusu nusu ni kibaya kuliko jua lenyewe. Usipige chini ya neti ya kijani wala ndani ya hema la plastiki la rangi. Weka kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa fremu: kikitoka chenye samawati au njano, mtazamaji atajua rangi za jani nazo zimepotoka kiasi hichohicho. Na zima vichujio vyote, pamoja na hali ya "chakula" ambayo kwenye simu nyingi huongeza wekundu na unjano. Ndiyo hiyo inayofanya jani lenye afya lionekane lina njaa.

Baada ya picha yanakuja maneno, na hapo ndipo kundi lako lilipokosea pamoja na wewe. Hukutaja kama uliweka samadi. Kamera haioni mwezi uliopita: tarehe ya kupanda, kilichowekwa udongoni, maji, joto la usiku, wangapi kati ya wangapi. Ujumbe unaojibika unakaa hivi:

"Nyanya, mbegu 20 Machi ndani ya nyumba, zimehamishiwa nje 28 Mei. Miche 8. Yote 8 imekunja majani ya juu kuanzia 8 Juni, ya chini ni mazima. Samadi ya farasi ndoo 2 kwa kila mita ya mraba, iliwekwa Aprili. Namwagilia kila baada ya siku 3. Usiku uliokuwa na baridi zaidi nyuzi 6. Maharage ya tuta la pili yamekunja pia. Sukuma wiki, palepale penye samadi, haina neno."

Mtu mzoefu akisoma hayo anakaribia jibu hata kabla ya kufungua picha. Kama hali yako ni hiyo, yaani majani mapya membamba, yamejikunja kama kikombe, mishipa imejipanga sambamba na ncha imekuwa kama jani la kangaga, shuku mabaki ya kiuagugu kwenye samadi. Kuna viuagugu vya malishoni vya kundi la aminopiralidi, vinavyotumika kuua magugu ya majani mapana. Farasi akila nyasi kavu zilizopigwa dawa hiyo, inapita tumboni mwake bila kuvunjika na kutoka na samadi. Huko hujishikilia kwenye mabua mpaka vijidudu vya udongo viimalize. Nyanya, viazi, maharage, njegere, karoti na saladi huumizwa na kiasi kidogo mno. Mahindi hayajali, na jamii ya kabichi huvumilia zaidi. Ndiyo maana picha ya tuta zima, yenye maharage yaliyokunjamana jirani na sukuma wiki iliyostawi, ina nguvu kuliko picha kumi za jani la nyanya.

Yale uliyoambiwa yanaondolewa kwa picha hizohizo. Kirusi kwa kawaida hushika mche mmoja hapa na mwingine pale, mara chache yote 8 kwa wiki moja, na mara nyingi huja na mabaka ya kijani kibichi na cha kupauka. Baridi huleta zambarau upande wa chini wa majani na kudumaa kwa mmea mzima. Kujikunja kwa sababu ya joto la mchana na baridi ya usiku kupishana sana hukunja jani kwa urefu kama mkeka, lakini jani hubaki na upana wake, na hakuna hasara. Kantangaze huchimba vijia vyeupe vyenye kinyesi cheusi ndani ya jani. Aliyeitaja anaishi kunakomsumbua kila msimu, na hakuwa na picha ya kumkanusha.

Thibitisha kwa jaribio, na jaribio nalo lipigiwe picha. Chukua vyungu 6. Vitatu jaza mchanganyiko wa nusu samadi yako na nusu udongo wa duka wa kupandia. Vitatu udongo wa duka peke yake. Panda maharage 3 kila chungu, kila chungu na kisahani chake, maana maji yakipita kutoka kimoja kwenda kingine jaribio limekufa. Viweke pamoja dirishani, viandike S na D kwa herufi kubwa, na upige vyote sita kwa pamoja, kutoka mbele, kila baada ya siku 7 kwa wiki 4. Majani ya kwanza mawili yanaweza kudanganya. Tazama yale ya vijani vitatu vitatu yanayofuata. Yakijikunja kwenye S na kunyooka kwenye D, huna haja ya kumuuliza mtu. Samadi iliyobaki usimgawie jirani wala usiitie kwenye mboji. Mimea iliyodhurika nayo usiitie. Tifua udongo mara kwa mara ili vijidudu vipate hewa, na mwaka huu hapo weka mahindi au jamii ya kabichi.

Matundu ya sukuma wiki hukuyauliza, ila yatakuja, kwa hiyo ujue mapema picha itafute nini. Vitundu vingi vya mviringo vya milimita 1 hadi 3, kama jani lilipigwa risasi za marisau, ni mbawakavu wadogo wanaoruka ukiwagusa. Matundu makubwa yenye kingo zisizo na mpangilio ni koa. Piga alfajiri wakati njia ya ute bado inang'aa. Jani lililoraruliwa likabaki mshipa wa katikati ni njiwa, na hapo piga picha ya neti yako ilivyofungwa, sio ya jani. Mayai ya manjano yaliyokaa kwa kundi chini ya jani ni ya kipepeo mweupe mkubwa wa kabichi. Yule mdogo hutaga moja moja. Neti ya kuwazuia vipepeo iwe na matundu yasiyozidi milimita 7, na isiguse majani, kwa kuwa hutaga kupitia hapo.

Kuna picha moja ambayo haifai kungoja Jumapili. Viazi au nyanya zikitoa mabaka ya kahawia yaliyoloa, yanayoanzia ncha au ukingo wa jani na kuzungukwa na kijani kilichopauka, piga upande wa chini asubuhi mapema kabla umande haujakauka. Utando mweupe ukionekana hapo, hiyo ni bakajani chelewa, na wenye vipande jirani wanaihitaji habari siku hiyohiyo kwa kuwa mbegu zake husafiri kwa upepo. (Mabaka yenye duara ndani ya duara ni bakajani tangulia, haina haraka kiasi hicho.) Kutabiri hatari ya bakajani chelewa, huku hutumika vigezo vya Hutton, vilivyoanza kutumika 2017: siku mbili mfululizo ambazo joto la chini halikushuka chini ya nyuzi 10, na kila moja ikawa na angalau saa 6 za unyevu wa hewa wa asilimia 90 au zaidi. Hali hiyo ikitokea, nenda ukakague na simu mkononi hata kama hujaona kitu. Viazi vikishashikwa, kata mashina yote usawa wa udongo, uyaondoe, na ungoje kama wiki mbili kabla ya kuchimba ili ngozi ya viazi ikomae.

Kuhusu kutuma kwenyewe. WhatsApp hubana picha, na kwa picha ya jani hapo ndipo vidukari hupotea. Chagua ubora wa HD kabla ya kutuma, au itume kama hati. Lakini jua tofauti: picha ikitumwa kwa njia ya kawaida, programu hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya faili, ikiwemo mahali ilipopigwa, ikitumwa kama hati, zote huenda nazo, na kama simu yako hurekodi mahali, mtu yeyote kwenye kundi la watu mia mbili anaweza kukipata kibanda chako kwenye ramani. Vibanda vya alotimenti huvunjwa sana. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye mipangilio ya kamera, taja mji tu, na usitume picha inayoonyesha mashine ya kulimia ndani ya kibanda au kufuli la namba la geti la pamoja. Picha ya jirani, watoto wake au kipande chake, muombe kwanza. Bustani nyingi zina kanuni juu ya hilo kwenye mkataba.

Tuma zisizozidi sita kwa tatizo moja, kwa mpangilio wa ngazi ile, maneno yakitangulia. Zile za maendeleo usizitume kila wiki. Mwisho wa mwezi weka mbili pembeni, ya kwanza na ya mwisho, kutoka kituo kilekile. Watu wataona kitu, na utaulizwa maswali badala ya kupewa vidole gumba. Weka na zile zilizoshindikana. Tuta la karoti lililoliwa lote na koa lina faida kwa wengine kuliko kikapu cha mavuno. Mavuno yenyewe yapige yakiwa juu ya mizani ya jikoni, chombo kikiwa kimeshatolewa uzito, namba zikisomeka.

Majina ya faili yaanze na mwaka, mwezi, siku, kisha mahali na zao: 2025-06-15_kituo1, 2025-06-15_tuta3_nyanya. Kwa mtindo huo kompyuta huzipanga zenyewe kwa mfuatano. Ukianza na siku, za Januari na Julai zitachanganyika. Nakili mara moja kwa mwezi kwenye diski au hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu simu ya mkulima huanguka kwenye pipa la maji.

Jambo la mwisho, na hili silegezi. Kwenye kipande kilichokaa bila kulimwa huenda ukaota mnavu, na utatamani kutuma picha kuuliza kama unalika. Mnavu una maua madogo meupe na matunda madogo yaliyokaa kwa vishada. Huku Uingereza upo ndugu yake wa sumu, belladona, mwenye maua ya kengele ya zambarau iliyofifia na matunda meusi yanayong'aa, moja moja, kila moja limekalia kikombe cha majani matano yaliyotanuka. Mche mchanga, kabla ya ua na tunda, haupambanuliki kwenye picha, na mtu wa Mombasa aliyekula mnavu maisha yake yote hajawahi kuuona huo mwingine. Majibu ya kundi juu ya mmea wa kuliwa usiyatumie. Nunua mbegu, panda kwenye chungu chenye jina, ule ulioupanda mwenyewe.